Muulize Mpiga Picha: Majani ya Zambarau Safarini

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: zile filamu zinazogeuza rangi, na namna ya kuzitumia safarini kwa kamera ndogo ya mfukoni. Nimefurahi sana. Mimi mwenyewe husafiri na Olympus XA, kamera ya mwaka 1979 inayoenea kiganjani, na kwa miaka kadhaa sasa kila safari lazima roli moja iwe ya namna hiyo. Nimeharibu fremu nyingi hadi nikaielewa, kwa hiyo haya ninayoyajibu nimeyalipia.

*Shikamoo mama. Mwezi ujao nasafiri wiki mbili kwa basi na treni, na sitaki mzigo. Nina kamera ndogo ya otomatiki isiyo na mahali pa kupanga ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), na roli tatu za LomoChrome Purple. Nimeona picha za wenzangu, misitu imekuwa zambarau tupu. Roli yangu ya majaribio niliipiga katikati ya mji, ikatoka kijivu na waridi kidogo. Je, nimeuziwa filamu mbovu? Na boksi linasema ISO 100–400. Kamera itajuaje itumie ipi? — Msafiri Mwepesi*

Marahaba mwanangu. Filamu yako ni nzima. Ilichokosa ni majani.

Nikueleze ninavyoielewa, maana ukishalielewa hili hutahitaji kubahatisha. Filamu yoyote ya rangi ina tabaka za kupokea mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Ikisafishwa, kila tabaka hupata rangi yake, na zikijumlishwa tunaona dunia kama tulivyoizoea. Katika Purple, kanuni ninayotembea nayo kichwani ni hii: kijani na bluu zimebadilishana viti, nyekundu imebaki kwake.

Sasa tazama jani. Kijani cha jani si kijani kitupu, ndani yake mna nyekundu kidogo. Kijani kikihamia kwenye bluu, ile nyekundu haijaenda popote, na bluu ikichanganyika na nyekundu unapata zambarau. Ndiyo siri yote ya msitu ule uliouona. Anga ya bluu inakuwa kijani cha maji ya bahari. Ua la njano, ambalo kwa mwanga ni nyekundu na kijani pamoja, linageuka waridi kali. Shati jekundu linabaki jekundu. Na kijivu je? Saruji, lami, ukuta mweupe na vioo vya maghorofa vina rangi zote tatu kwa vipimo vinavyokaribiana, kwa hiyo ukibadilisha viti hakuna tofauti. Ndiyo maana mji wako umetoka kijivu. Filamu ilifanya kazi yake, haikupata cha kugeuza.

Kwa hiyo ukiwa safarini, kabla ya kuinua kamera jiulize: kijani kiko wapi hapa, na kimepakana na nini? Nyasi tupu zikijaza fremu nzima huchosha jicho haraka. Picha zangu ninazozipenda ni zile ambazo kijani kimekutana na kitu kisichogeuka: njia ya vumbi jekundu inayokata shamba, reli, mtu aliyevaa nyeupe chini ya mti. Jicho linapata pa kushika, kisha zambarau ndiyo inalishtua. Ninayo picha moja ya ukuta mweupe uliotambaliwa na mmea hadi nusu. Kwa filamu ya kawaida nisingesimama hata dakika.

Upande wa ISO, usiogope. Kamera nyingi ndogo za otomatiki husoma viraka vyeusi na vya fedha vilivyo kwenye ganda la filamu, alama za DX zilizoanzishwa na Kodak mwaka 1983. Litazame ganda lako. Likiwa na alama za 400, kamera itapiga kwa 400. Likiwa halina, kamera nyingi za aina hii huchukua 100. Filamu yako inakubali kuanzia 100 hadi 400, kwa hiyo hata hapo hutapoteza kitu. Ukitaka kuilazimisha kamera yenye kutegemea alama itumie 100, funika viraka vyote kwa utepe wa kunata usiopitisha umeme. Hakikisha tu kwenye kitabu cha kamera yako kwamba ikikosa alama inarudi 100, maana si zote zinazofanana.

Mimi napenda 200. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi, lakini uliopungua haisamehe. Roli yangu ya kwanza kabisa ya Purple niliipiga kwenye njia ya msituni, jioni, baada ya mvua, lenzi ikiwa imefunguka hadi mwisho na nimepanga 400. Fremu 36. Zilirudi na rangi ya tope, chenga tupu kwenye vivuli, na zambarau iliyokuwapo ilikuwa kama doa la wino lililofuliwa. Niliumia, maana mahali penyewe palikuwa pazuri na sijarudi tena. Roli ya pili niliipiga asubuhi saa nne, jua limepanda, nimepanga 200, na nikaona kwa mara ya kwanza watu wanazungumzia nini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa filamu hii huna haja ya kushikilia ISO moja roli nzima. Usafishaji haubadiliki. Ni ule ule wa C-41, yaani utaratibu wa kawaida wa filamu za rangi, dawa ya nyuzi 38 kwa dakika tatu na robo, uwe umepiga 100 au 400. Mwenye kamera ya kupanga kwa mkono anaweza kuweka 400 juani, akashuka hadi 200 au 100 akiingia kivulini, fremu baada ya fremu. XA yangu ina mkono mdogo chini yake ambao, ukiusogeza kwenye alama ya +1.5, unaongeza mwanga kwa hatua moja na nusu. Mkono huo nautumia kila ninaposimama chini ya miti, na kila anga nyeupe inapojaza nusu ya fremu na kukidanganya kipima mwanga. Wewe huna mkono huo, kwa hiyo chagua saa. Piga kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, usigombane na magharibi. Mawingu mepesi si adui, ila mawingu mazito na msitu mzito kwa pamoja ni hasara.

Flashi ya kamera yako pia usiidharau. Usiku, ukisogea mita mbili tatu kutoka kwenye kichaka, flashi inatoa mwanga mweupe wa kutosha, na majani yanatoka zambarau juu ya giza tupu. Nilijifunza hilo nikisubiri basi lililochelewa, na ndiyo fremu pekee ya usiku ule iliyonistahili.

Roli tatu kwa wiki mbili zinatosha, ila usiifanye safari nzima kuwa ya filamu hii. Siku utakapotaka kukumbuka bahari ilikuwa na rangi gani, Purple haitakuambia.

*Dada, habari za kazi. Nimesoma kwamba filamu hizi ni za infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, kama ile Aerochrome ya zamani ya Kodak. Kamera yangu ndogo inasemekana haifai kwa infraredi. Nisinunue? — Mwenye Shaka*

Nzuri ndugu yangu. Nunua bila hofu. Purple ilitoka mwaka 2013 na mwonekano wake unaikumbusha Aerochrome, lakini haioni infraredi hata kidogo.

Aerochrome ilikuwa kitu kingine. Chimbuko la filamu za aina hiyo ni la kijeshi, wakati wa Vita Kuu ya Pili: jani hai hurudisha infraredi nyingi sana, rangi ya kijani ya kupaka kwa kawaida hairudishi hivyo. Aliyekuwa juu kwenye ndege aliona mimea nyekundu au waridi, na turubai lililopakwa kijani likajitenga lenyewe. Purple haijui tofauti hiyo. Mlango uliopakwa kijani utageuka kama mwembe ulio mbele yake, na ndoo ya plastiki ya kijani vilevile. Mimi huona hiyo ni zawadi kwa msafiri, kwa sababu hata sokoni au kituo cha basi, mahali pasipo na jani, kijani cha rangi za kupaka kinaweza kukupa picha.

Ulichosikia kuhusu kamera kina ukweli. Baadhi ya kamera za otomatiki huhesabu matundu ya pembeni mwa filamu kwa taa ndogo ya infraredi iliyo ndani yake, nayo huunguza filamu ya infraredi halisi. Kwa Purple taa hiyo haina madhara.

*Shikamoo shangazi. Naenda kumwona mama baada ya miaka minne. Nimenunua LomoChrome Turquoise roli moja, nataka nimpige picha nzuri ya kutundika ukutani. Nifanyeje? — Mtoto wa Mwisho*

Marahaba mwanangu. Roli hiyo usimpigie mama, nakuomba.

Turquoise hubadilishana viti vingine: nyekundu na bluu. Kijani hukaa karibu na palepale, anga hugeuka rangi ya chungwa kama moto wa jioni, na ngozi ya mwanadamu, ambayo ina nyekundu nyingi, iwe nyeusi au nyeupe, inakuwa ya bluu. Nina picha ya rafiki yangu amesimama ufukweni saa saba mchana, anga yote nyuma yake ni dhahabu, na uso wake ni wa bluu kama wa mtu aliyetoka kwenye barafu. Naipenda picha ile, lakini ningekuwa na hiyo tu katika kumbukumbu zangu zake ningesikitika.

Mama mpige kwa filamu ya kawaida, kando ya dirisha, flashi imezimwa. Usijibane: maliza fremu zote 36 kama hali inaruhusu. Turquoise ibakize kwa ajili ya njiani: bahari na anga kubwa, ukuta mwekundu, machweo (yatakuwa bluu, utashangaa). Ukiwa na hamu ya kumpiga mama kwa filamu inayogeuza rangi, tafuta Purple, kwa sababu yenyewe huiacha ngozi karibu na yake, ikiegemea waridi kidogo, na mtende au bustani iliyo nyuma yake ndiyo inayobadilika. Lakini hiyo iwe ya pili, baada ya ile ya ukutani.

*Kaka au dada unayejibu, swali fupi: uwanja wa ndege. Eksirei itaniharibia? — Abiria*

Ni dada. Filamu usiiweke kamwe kwenye begi la kukabidhi, mashine za huko ni kali. Mkononi, mashine za zamani hazisumbui filamu ya ISO 400 kwa mara moja mbili. Mashine mpya za CT, zile ambazo huambiwi utoe kompyuta kwenye begi, ndizo za kuogopa: Kodak na Ilford zote zimeonya filamu isipitishwe humo, hata mara moja. Toa roli kwenye maboksi, ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, fika mapema, na umwombe ofisa kwa upole azikague kwa mkono. Nchini Marekani ombi hilo linakubalika kwa utaratibu wao. Kwingine inategemea uliyemkuta. Roli iliyo ndani ya kamera nayo ni filamu, kwa hiyo imalize kabla ya kufika uwanjani.

*Mama, nimepiga roli ya Purple juani, majani tele, kama ulivyowahi kushauri. Nimetumiwa picha kwenye simu: majani ni ya kahawia, anga ni kijivu. Mwenye studio anasema filamu ilikuwa na kasoro "akairekebisha." Nimekata tamaa. — Aliyevunjika Moyo*

Usikate tamaa, nina hakika karibu kabisa kwamba picha zako zipo.

Mashine ya kuskani imefundishwa kutafuta rangi za kawaida. Ikiona zambarau imetapakaa, inadhani kuna tatizo la mwanga na kuivuta kuelekea kijani mpaka ife. Fundi naye, kama hajawahi kuiona filamu hii, huongeza kwa mkono kile ambacho mashine imeacha. Lilinipata mimi pia, tena kwa roli ya safari niliyoisubiri miezi, na nilikaa siku mbili nikiamini nimekosea mimi. Fundi hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajaribu kuniokoa.

Rudi pale, mwambie askani tena huku marekebisho ya rangi ya otomatiki yamezimwa, na umwonyeshe picha moja ya Purple kwenye simu ili aone inavyotakiwa kuwa. Siku nyingine andika kwenye bahasha kwa herufi kubwa, kabla hujaikabidhi: FILAMU INAGEUZA RANGI, USIREKEBISHE. Akisema haiwezekani, chukua negativu zako uzipeleke kwa mwingine. Zichukue vyovyote itakavyokuwa, na uzichukue wiki hii, kwa sababu rangi zako zimo humo na studio nyingi hazitunzi negativu za wateja kwa muda mrefu.