Wahadhiri wa Elimu Maalumu Marekani na Fedha za Shirikisho: Nani Azungumze, Wapi, na Lini?

SWALI: Mimi ni Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, na tangu mwaka jana ninafundisha elimu maalumu katika chuo kikuu cha umma. Mkuu wa idara yetu amenishauri niungane na wahadhiri wanaokwenda Washington kuwashawishi wabunge kuhusu fedha za kuandaa walimu wa elimu maalumu. Je, mtumishi wa chuo cha serikali anaruhusiwa kufanya hivyo, hasa asiye raia ambaye utafiti wake unagharimiwa na ruzuku ya serikali ya shirikisho? Na wahadhiri hawa hujipangaje hata wakasikilizwa?

JIBU: Ndugu Mwalimu, unaruhusiwa, ila ruhusa hiyo inategemea unatumia fedha za nani na unazungumza kwa niaba ya nani. Kanuni za shirikisho zinazosimamia ruzuku zinakataza fedha hizo kutumika kushawishi upitishaji au ukataaji wa sheria. Kwa hiyo nauli, malazi na saa za kazi ambazo mshahara wake unatoka kwenye ruzuku yako visihusishwe kabisa na safari hii. Gharama hubebwa na chama cha kitaaluma, au na mfuko wa idara usiotokana na ruzuku pale chuo kinaporuhusu, au na mhadhiri mwenyewe akiwa likizoni.

Kabla ya kukata tiketi, pitia ofisi ya chuo chako inayoshughulikia uhusiano na serikali. Kila jimbo lina sheria zake na kila chuo kina taratibu zake, na ofisi hiyo hupenda kujua mapema, kwa kuwa chuo nacho kina maombi yake kwa wabunge hao hao. Ukizungumza kwa nafsi yako, tumia barua pepe yako binafsi, usitumie karatasi yenye nembo ya chuo, na ukitaja unakofundisha eleza wazi kwamba maoni ni yako.

Kuhusu uraia, haki ya kupeleka maombi serikalini haikuwekewa raia peke yao. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuonana na mbunge, na hata sheria ya uchaguzi inayowazuia wageni kuchangia kampeni haimgusi. Jambo la kuchunga ni kauli: jitambulishe kama mkaazi na mwalimu wa eneo analowakilisha mbunge, wala usijiite mpiga kura au raia hata kwa mzaha, kwa maana kudai uraia usio nao kunaweza kukuletea matatizo makubwa ya uhamiaji.

Sasa nije kwenye kujipanga, ambako naona wahadhiri wapya ndiko wanakopotea zaidi. Vyombo vinavyobeba kazi hii ni vichache. Cha zamani ni Council for Exceptional Children, CEC, kilichoanzishwa mwaka 1922, ambacho ndani yake kina kitengo cha waandaaji wa walimu kijulikanacho kama TED. Kando yake kuna Higher Education Consortium for Special Education, HECSE, kinachounganisha vyuo vikuu vyenye programu za uzamivu katika fani hii. HECSE na TED huwaandaa wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu kwa mafunzo mafupi mjini Washington, na mwezi Julai CEC, pamoja na chama cha wasimamizi wa elimu maalumu, huitisha mkutano wa kisera ambao washiriki wake huishia katika ofisi za wabunge. Vyama hivi pia vimo katika miungano mipana zaidi, ikiwemo ule wa watetezi wa bajeti ya elimu na ule wa mashirika ya watu wenye ulemavu, ili ombi la wahadhiri lisionekane kuwa la kundi moja linalotetea ajira yake.

Hofu ya kuonekana hivyo ina msingi. Sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu, iliyotiwa saini na Rais Ford mwezi Novemba 1975 na kupewa jina la IDEA mwaka 1990, ina sehemu kadhaa. Sehemu B ndiyo inayopeleka ruzuku majimboni kwa ajili ya wanafunzi, ambao katika mwaka wa masomo 2022–23 walikuwa takriban milioni 7.5. Katika mwaka wa fedha 2024 ruzuku hiyo ilikuwa kiasi cha dola bilioni 14.2. Sehemu D, pamoja na mambo mengine, inagharimia uandaaji wa walimu, wataalamu na wahadhiri wenyewe, na kasma yake, yaani fungu lake katika bajeti, kwa mwaka huo huo ilikuwa dola milioni 115, yaani haifiki hata asilimia 1 ya ile ya kwanza. Sehemu B ina wazazi, wakuu wa shule na magavana wa kuipigania. Ahadi ya mwaka 1975 kwamba serikali ya shirikisho ingechangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi, ambayo kwa miaka ya karibuni haijafika hata asilimia 15, inajulikana kwa kila msaidizi wa mbunge. Kasma ya uandaaji wa walimu haina mtetezi wa namna hiyo. Wahadhiri wasipoizungumzia, ni vigumu kufikiri nani mwingine ataikumbuka, ingawa ni kongwe kuliko IDEA yenyewe: mizizi yake ni sheria ya mwaka 1958, wakati wa Rais Eisenhower, iliyotoa fedha kwa vyuo ili viwaandae watakaofundisha walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili.

Ndiyo maana nakushauri usiende na ombi la jumla la kuunga mkono elimu maalumu. Hakuna mbunge atakayekukatalia hilo, na hakuna litakalobadilika. Taja kasma kwa jina, taja kiasi ambacho vyama vimekubaliana kukiomba mwaka huo, kisha eleza inavyofanya kazi. Hoja ninayoiona kuwa na nguvu kwa wabunge wa vyama vyote viwili vya siasa ni sharti la utumishi: anayesomeshwa kwa fedha hizi anatakiwa kufanya kazi katika fani miaka miwili kwa kila mwaka aliogharimiwa, au arudishe fedha.

Jambo la pili ni kutofautisha sheria inayoidhinisha mpango na sheria inayotenga fedha. Ya kwanza iko mikononi mwa Kamati ya Afya, Elimu, Kazi na Pensheni ya Seneti na Kamati ya Elimu na Nguvukazi ya Baraza la Wawakilishi. Ya pili huanzia katika kamati ndogo za matumizi zinazoshughulikia kazi, afya na elimu, moja katika kila baraza. IDEA ilifanyiwa marekebisho makubwa mara ya mwisho mwaka 2004, na muda wa idhini ya Sehemu D ulikwisha zaidi ya muongo mmoja uliopita, lakini Bunge limeendelea kuitengea fedha mwaka hadi mwaka. Maana yake ni kwamba uhai wa mpango huu unaamuliwa upya katika kila bajeti. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2026 Rais alipendekeza kasma hii iunganishwe na nyingine katika ruzuku moja ya majimbo. Hoja ya wahadhiri dhidi ya hilo ni nyepesi kueleweka: jimbo lenye upungufu wa walimu leo litalipia huduma za leo, na halitakuwa na sababu ya kugharimia shahada ya uzamivu ya mtu ambaye huenda akafundishe katika jimbo jingine.

Kalenda nayo haisubiri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba, bajeti ya Rais hutakiwa Bungeni Jumatatu ya kwanza ya Februari (ingawa huchelewa mara nyingi), na wabunge hupeleka maombi yao kwa kamati ndogo majira ya kuchipua. Anayekwenda Februari au Machi anakuta fomu za maombi hayo bado ziko wazi. Ikiwa mbunge wako hayumo katika kamati yoyote niliyotaja, muombe awasilishe ombi lake kwa kamati ndogo au atie saini barua ya pamoja inayozungushwa miongoni mwa wabunge.

Katika mkutano wenyewe utaonana zaidi na msaidizi kijana mwenye dakika kumi na tano kuliko na mbunge. Msimdharau, yeye ndiye atakayeandika muhtasari. Nendeni watatu au wanne, na kama inawezekana mmoja awe mzazi au mkuu wa shule anayetafuta walimu asiwapate. Acheni karatasi ya ukurasa mmoja yenye takwimu za wilaya yake ya uchaguzi: wahitimu wenu wangapi wanafundisha huko, na nafasi ngapi ziko wazi. Makala ya jarida iacheni nyumbani, hata ikiwa ni nzuri kiasi gani.

Mwisho, ukirudi andika barua ya shukrani ikibeba jibu la swali lolote lililokushinda, na mwezi Agosti wabunge wanapokuwa majimboni mwalike msaidizi wa ofisi ya eneo lenu aone darasa ambamo wanafunzi wenu wanafanya mazoezi. Vilevile fuatilia matangazo ya Wizara ya Elimu ya shirikisho: inapopendekeza vipaumbele vya ruzuku huomba maoni ya umma, na kuyatoa hakuhesabiwi kuwa ni kushawishi sheria, kwa hiyo hata mwenzako ambaye chuo chake kinamzuia kwenda Washington anaweza kushiriki hapo.