Anamfungia shangazi yake ndani kutwa nzima, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nakaa Makorora hapa Tanga. Jirani yangu ni bibi mstaafu, miguu haimbebi, anaishi na kijana, mtoto wa kaka yake. Kijana akitoka asubuhi anapiga kufuli kwa nje mpaka magharibi, bibi anaomba maji dirishani sisi tunampitishia kikombe cha plastiki kwenye nondo maana jagi halipiti. Kadi ya benki ya pensheni anashika kijana. Nimemwambia mjumbe kanijibu hayo ya kifamilia nisijitie. Naogopa kuitwa mmbea, nifanyeje?
Mama Wawili, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Umbea weka pembeni, kumfungia mtu mzima ndani bila ridhaa yake ni kosa la jinai, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, na udugu hauliondoi.

Ila kabla hujaenda popote ongea na bibi mwenyewe, hapohapo dirishani kijana akiwa hayupo, muulize anataka nini. Hapa ndo wengi wanaruka. Yule akili zake anazo, pengine hataki mtoto wa kaka yake alale selo, anataka ufunguo na kadi yake tu basi, sasa ukimpelekea kesi asiyoijua akija kuulizwa mbele ya kijana atakana, we utaumbuka na yeye ndo atazidi kubanwa. Labda kama anapigwa au hali imekuwa mbaya, hapo usisubiri chochote, nenda polisi, na kama ana majeraha watampa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Mjumbe kukukatalia siyo mwisho. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, halafu kwa afisa ustawi wa jamii, huyu ndo namtaka ashike faili. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo usiliache, watu wanadhani ni la wake waliopigwa na watoto tu, kwani bibi siyo mwanamke?

Shida yetu kila mtu ana kipande chake. Mhudumu wa afya wa mtaa anajua bibi hafiki tena kliniki ya presha, mwenye duka anajua kijana anavyotanua siku pensheni ikiingia, wazee wenzake wanajua hajaonekana msibani tangu lini sijui, na hakuna anayemwambia mwenzie. Kwa hiyo omba wakae kikao kimoja, mtendaji, ustawi, polisi kata, mhudumu wa afya, baraza la wazee la mtaa, kila mmoja atoke na kazi yake imeandikwa na tarehe. Zipo pia kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017, kama ya kwenu iko hai itumieni, kama imelala msiisubiri.

Kadi ni rahisi kuliko unavyodhani. Akaunti ni ya bibi, anaweza kuomba benki waifunge hiyo kadi apewe nyingine na namba mpya ya siri, asindikizwe na ustawi. Akihitaji msaada wa sheria kuna wasaidizi wa kisheria, ni bure, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Na kijana asikilizwe. Wapo wanaofunga mlango kwa kuogopa mzee ataanguka barazani na hawana wa kumwachia, hao dawa yao majirani kupokezana mchana (japo huyu wako, kwa habari ya kadi, mimi simwamini sana).

Usimpige picha bibi wa watu ukarusha kwenye grupu la WhatsApp. Chukua daftari andika siku, saa, na ulichokiona kwa macho yako, ya kuambiwa acha. Ukifika ustawi wakisema njoo kesho, uliza kesho nimuone nani, jina lake liandike humo humo.