Ukoko, ganda na bamba: lipi ni lipi?

Msomaji anauliza: "Daftari la mwanangu wa darasa la sita limeandikwa 'ukoko wa dunia'. Mimi nilifundishwa 'ganda la dunia'. Tetemeko likitokea, redio inataja 'mabamba'. Je, ni kitu kimoja? Na je, tuseme 'tabaka hizi' au 'matabaka haya'?"

Ukoko na ganda ni kitu kimoja. Bamba ni kingine, na kuyachanganya kunaharibu maana, si mtindo tu.

Aliyewahi kukwangua sufuria ya wali anaujua ukoko: ile sehemu ngumu iliyoshika chini, ambayo baadhi ya watu wa pwani huiita matandu. Neno linafaa kwa wembamba na ugumu wake. Linapotosha kwa mahali tu, kwa kuwa ukoko wa wali uko chini, jirani na moto, ilhali ukoko wa dunia uko juu kabisa, mbali na joto kali la ndani. Kwa sababu hiyo, mbele ya watoto napendelea ganda. Ganda la yai, ganda la chungwa, ganda la muhogo: siku zote liko nje. Kitenzi kuganda nacho kinamsaidia mwalimu, maana sehemu kubwa ya ganda hilo ni mwamba uliokuwa umeyeyuka ukapoa na kuganda. Chini ya bahari unene wake ni kilomita 5 hadi 10 hivi. Chini ya mabara kwa kawaida 30 hadi 50, na chini ya milima ya Himalaya hufika kama 70. Kutoka tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo ganda ni jembamba kwelikweli.

Chini ya ganda kuna koti, linaloshuka hadi kilomita 2,900 hivi. Anayelivaa koti hilo ni kiini. Hapa ndipo vitenzi vinapotakiwa kuchaguliwa kwa uangalifu. Wengi huandika kwamba koti ni "uji wa moto unaotiririka". Sivyo. Koti karibu lote ni mwamba mgumu, ila kwa joto na mgandamizo mkubwa mwamba huo husogea polepole mno, sentimita chache kwa mwaka. Andika "hutambaa". Kutiririka kuachie kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka pamoja na nikeli. Kiini cha ndani ni kigumu tena, ingawa kina joto la nyuzi zaidi ya 5,000 za Selsiasi, kwa sababu mgandamizo wa huko haukiruhusu kuyeyuka. Aliyekitambua ni Inge Lehmann wa Denmark, mwaka 1936, kwa kuchunguza jinsi mawimbi ya matetemeko yanavyopita ndani ya dunia.

Sasa bamba. Bamba ni ganda pamoja na sehemu ngumu ya juu ya koti, vikiwa vimeshikana na kusogea kama kipande kimoja, mara nyingi chenye unene wa kilomita 100 hivi. Kwa hiyo "ganda la Afrika linasogea" ni nusu ya ukweli. Linalosogea ni bamba la Afrika.

Kwa mabamba, mnyambuliko wa -ana unafaa sana: yanaachana, yanagongana, yanapishana. Lakini usiandike "yanazamiana". Bamba la bahari likikutana na la bara, linalozama ni moja tu, lile la bahari, kwa kuwa ni zito zaidi. Sema "bamba moja huzama chini ya jingine". Mabara mawili yakigongana, kama India na Asia, ganda hukunjamana na kunenepa; Himalaya ilitokana na hilo.

Afrika Mashariki tuna mfano wa kuachana. Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, bamba la Somalia linajitenga na bamba la Nubia, yaani sehemu kubwa ya bamba la Afrika iliyo magharibi ya bonde hilo, kwa milimita chache kila mwaka. Bamba likinyooshwa huwa jembamba, mwamba wa koti hupanda, mgandamizo hupungua, na sehemu ndogo ya mwamba huo huyeyuka bila hata kuongezewa joto. Huo ulioyeyuka ndio magma. Ukishatoka nje huitwa lava. Basi sentensi "lava hutoka kwenye kiini cha dunia" ifutwe popote unapoikuta. Lava ya volkeno ya Nyiragongo iliyoingia mji wa Goma, Kongo, mwaka 2002 asili yake ni koti. Kiini mchango wake ni joto linalopasha koti kutoka chini.

Kuhusu tabaka: katika Kiswahili sanifu ni tabaka hili, matabaka haya, ganda hili, maganda haya, bamba hili, mabamba haya. "Tabaka hizi" husikika sana katika mazungumzo na hakuna asiyeielewa, ila katika daftari la mtoto shikilia matabaka haya.

Na andikeni "matabaka ya dunia", si "matabaka ya ardhi". Ardhi yenye matabaka ni ile anayoikuta mchimba kisima: udongo mweusi, kisha mfinyanzi, kisha changarawe. Kisima chake hakijatoka hata ndani ya ganda.