Nimeanza homoni na naendesha trela: niingie choo gani njiani?

SWALI

Dada muuguzi, shikamoo. Nina miaka 29, nilizaliwa Mombasa, sasa naishi Minneapolis na naendesha trela. Safari zangu nyingi ni Chicago, halafu Nashville, hadi Jacksonville kule Florida. Nilianza estrojeni na spironolaktoni miezi sita iliyopita. Nyumbani naishi kama mwanamke, lakini leseni bado inasema mwanamume. Nikiingia choo cha wanaume natazamwa. Juzi mzee mmoja aliniambia nimekosea mlango. Nikiingia cha wanawake moyo unanidunda, naogopa kuitiwa polisi. Siku hizi nikiwa njiani sinywi maji mpaka jioni. Je, kuna hatua ya matibabu ambayo mtu akiifikia ndipo anaruhusiwa kubadili choo? Na sheria inasemaje?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nitayajibu maswali yako yote mawili, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza: hayo maji usiyokunywa. Katika yote uliyoandika, hilo ndilo linaloweza kukulaza hospitalini wiki hii.

Spironolaktoni tunaitumia kuzuia kazi ya testosteroni, ila asili yake ni dawa ya moyo na presha. Inazifanya figo zitoe maji na chumvi na kubakiza potasiamu. Ndiyo maana tangu uianze unabanwa na haja ndogo mara nyingi kuliko zamani. Mtu anayeimeza kisha akakaa kutwa bila maji presha yake hushuka, anasikia kizunguzungu hasa anapoinuka, na potasiamu hupanda kwenye damu. Ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo. Wewe umeshika usukani wa gari ambalo likijaa lina uzito wa tani 36. Ukizirai, wanaoumia ni wengi.

Na estrojeni nayo ina lake. Hasa ile ya vidonge, inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huku mwili umekauka kunaongeza zaidi. Kwa hiyo ile dakika kumi ya kushuka, kujisaidia na kuzunguka gari ni sehemu ya matibabu yako. Simama kila baada ya saa mbili au tatu, usingoje yale mapumziko ya nusu saa ambayo sheria inakutaka upate baada ya saa 8 za kuendesha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, egesha pembeni upige 911.

Hii tabia ya kujinyima maji ni ya wengi. Mwaka 2015 ulifanyika uchunguzi mkubwa Marekani uliowahoji watu 27,715 wa hali kama yako. Asilimia 59 walisema katika mwaka uliotangulia waliwahi kukwepa vyoo vya umma kwa hofu, asilimia 32 walipunguza kula au kunywa ili wasihitaji choo, na asilimia 8 walipata maambukizi ya njia ya mkojo au tatizo la figo kwa sababu ya kujizuia. Nayaona haya kazini na yananiuma, kwa sababu ni ugonjwa unaozuilika kwa mlango na kitasa tu.

Kunywa kidogo kidogo njia nzima. Muulize daktari wako kama unaweza kumeza dozi saa ambayo gari litakuwa limeegeshwa. Maji ya madafu ya kopo, ambayo najua sisi watu wa pwani tunayakimbilia, yana potasiamu nyingi. Usiyafanye kinywaji chako cha kila siku, na chumvi mbadala zenye potasiamu ziache kabisa. Na kama hujapimwa potasiamu tangu uanze dawa, pigia kliniki yako simu kabla ya safari ijayo.

Sasa swali lako la kwanza. Hakuna kiwango cha homoni ambacho mtu akikifikia anapewa kibali cha mlango. Katika majimbo unayopita, choo hakigawiwi kwa kipimo cha damu. Barua ya daktari unaweza kubeba, inasaidia kutuliza mazungumzo na polisi au meneja mwenye nia njema, lakini si pasi ya kuingilia.

Kinachoamua mambo mlangoni ni kile mgeni anachokisoma kwa sekunde mbili: nywele, nguo, ndevu, mwendo na, ukifungua mdomo, sauti. Hapa lazima ujue homoni zinafanya nini na hazifanyi nini. Kufikia miezi sita ngozi huwa imelainika na matiti yameanza, na mafuta ya mwili yanaanza kuhamia mapajani na kwenye nyonga, ingawa mabadiliko hayo huchukua miaka kadhaa kukamilika. Ndevu haziondoki kwa estrojeni. Zinahitaji leza au sindano ya umeme. Sauti iliyokwisha kuvunjika haibadiliki kwa estrojeni hata kidogo. Inafundishwa kwa mazoezi, na wapo wataalamu wa usemi wanaofanya kazi hiyo. Nimeona watu wakingoja vidonge viwarudishie sauti, wakakata tamaa bure.

Kanuni ninayowapa watu walio katikati kama wewe ni hii: mahali ambapo sheria inakuachia uchague, ingia mlango ambao macho machache zaidi yatakufuata. Yule mzee aliyekwambia umekosea mlango amekujibu bila kujua. Yeye aliona mwanamke ameingia choo cha wanaume. Siku ambayo wageni wanakusoma hivyo, choo cha wanaume ndicho chenye hatari zaidi kwako, hata kama leseni inasema vingine. Ila wewe ni dereva. Siku ya tatu njiani, hujanyoa, umevaa koti kubwa na buti, huenda ukasomwa tofauti na ulivyosomwa siku ya kwanza. Kwa siku hizo, na kwa majimbo mengine kila siku, tafuta choo cha mtu mmoja chenye mlango unaofungwa.

Na kwa bahati njema, kazi yako inakupa vyumba hivyo kuliko kazi nyingi. Bafu za kwenye vituo vikubwa vya malori ni vyumba vya mtu mmoja: ndani mna bafu, sinki na choo, na unafunga kwa kitasa. Hakuna anayeuliza jinsia. Unapewa namba na mlango unafunguka. Kwa kawaida ukijaza galoni 50 za dizeli au zaidi unapata bafu ya bure kwenye kadi yako ya pointi. Madereva wengi wanaitumia mara moja jioni kwa kuoga. Wewe panga kujaza mafuta kwa namna ambayo bafu zako zitaangukia pale penye ugumu, hasa ukivuka kuingia Georgia na Florida. Pia vituo vingi vya mafuta vidogo vina choo kimoja tu cha kila mtu, na mikahawa mingi ina choo cha familia. Viandike kwenye simu kadiri unavyovipata. Baada ya safari chache utakuwa na ramani yako.

Kuhusu sheria, kabla ya kufungua mlango jiulize jengo hili ni la nani. Sheria nyingi za vyoo zilizopitishwa miaka hii zinahusu shule na majengo ya serikali. Kituo cha malori ni biashara ya mtu binafsi.

Minnesota, unakoishi, ilikuwa jimbo la kwanza kuwalinda watu wa hali yako katika sheria yake ya haki za binadamu, mwaka 1993. Lakini usidhani hapo mambo yote yamekwisha. Mwaka 2001 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mwajiri aliyegawa vyoo vya wafanyakazi kwa jinsia ya kuzaliwa hakuwa amevunja sheria hiyo. Mwaka 2023 bunge la jimbo liliandika upya fasili ya utambulisho wa kijinsia katika sheria hiyo, na waajiri wengi wanaruhusu mtu atumie choo cha jinsia anayoishi. Hata hivyo, kwa choo cha yadi ya kampuni yako zungumza na ofisi ya wafanyakazi kabla, na uombe jibu kwa maandishi. Kampuni ina wajibu wa kisheria wa kukupa choo unachoweza kukitumia bila kucheleweshwa. Hilo ni agizo la usalama kazini la nchi nzima.

Illinois ndiko utakakopumua. Tangu Januari 1, 2020 kila choo cha mtu mmoja katika maeneo ya umma lazima kiwe na alama ya watu wote. Na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya jimbo ilimpa ushindi mwanamke wa Aurora ambaye mwajiri wake, duka la vifaa vya ufundi wa mikono, alimkatalia choo cha wanawake kwa miaka. Ukiwa Chicago, ingia cha wanawake, fanya haja zako, utoke.

Indiana, Kentucky na Tennessee hazina sheria ya jimbo inayokulinda, na za vyoo zilizopo Kentucky na Tennessee zinagusa zaidi shule. Hapo mwenye biashara ndiye mwenye kauli. Akikuambia utoke, toka, hata kama umeonewa. Ukikataa kutoka kwenye mali ya mtu, kosa linaweza kuwa lako.

Florida isome mara mbili. Tangu Julai 2023, katika majengo ya serikali ya jimbo, kaunti na miji, vyoo vimegawanywa kwa jinsia ya kuzaliwa. Leseni mpya haikusaidii hapo, kwa sababu sheria haiangalii leseni. Kosa la jinai linakamilika pale mtu aliyeingia choo kisichokuwa cha jinsia yake ya kuzaliwa anapoambiwa na mtumishi wa serikali atoke, akakataa. Machi 2025 mwanafunzi mmoja alikamatwa ndani ya jengo la bunge kule Tallahassee baada ya kuingia choo cha wanawake na kunawa mikono. Kesi yake ilifutwa baadaye, lakini alikuwa ameshalala rumande. Vile vituo vya mapumziko vya barabara kuu ni mali ya serikali, kwa hiyo vihesabu humo. Sheria hiyohiyo inaruhusu chumba cha mtu mmoja au cha familia, chenye kuta hadi darini na kitasa, kitumiwe na yeyote. Kwa hiyo Florida mpango wako uwe mmoja: pita vituo vya serikali, simama kwenye vituo vya malori, ingia bafu. Siwezi kukuambia uingie choo cha wanaume ukiwa na mwonekano ulio nao sasa. Sheria inakuelekeza huko, lakini usalama wako haupo huko.

Wakikupangia Texas, sheria yake ya Desemba 4, 2025 nayo inahusu majengo ya serikali, ila faini inakwenda kwa taasisi: dola 25,000 kwa mara ya kwanza, 125,000 kila mara inayofuata. Maana yake watumishi wao watakuwa wakali mlangoni. Sheria hizi hubadilika kila bunge linapokaa, kwa hiyo kabla ya njia mpya angalia ramani ya majimbo ya shirika la Movement Advancement Project.

Ukiingia choo cha wanawake, ukajikuta na wenzako ndani, nenda moja kwa moja kwenye kijumba, funga, kaa, maliza, nawa mikono, toka. Wanawake husalimiana au kusifiana nguo kwenye sinki, tabasamu linatosha. Mtu akikuuliza kama uko mahali sahihi, jibu "ndiyo, asante" kwa sauti yako ya kawaida na uendelee. Akiinua sauti, usibishane wala usijieleze. Toka nje, nenda penye watu na kamera, rudi kwenye gari. Polisi akija, mpe leseni akiiomba na umjibu kwa upole. Kama bado huna uraia, hili lina uzito zaidi: kukamatwa hata kwa kosa dogo kunaweza kuingia kwenye faili lako la uhamiaji, kwa hiyo weka namba ya wakili wa uhamiaji kwenye simu na nyingine kwenye karatasi.

Hukulitaja, ila nalijua: vituo vya malori vya barabara kuu ya I-65 vimejaa madereva wa kwetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, na habari inaweza kufika Mombasa kabla hujafika Nashville. Si lazima mtu akukute mlangoni ndipo ajue. Chagua ndugu au rafiki mmoja unayemwamini umweleze mwenyewe mapema, ili siku simu zikianza kupigwa awepo mtu wa kusema alikwisha jua na hana tatizo. Na ukikutana na dereva wa nyumbani, msalimie. Hudaiwi maelezo ya mwili wako.

Leseni ibadilishe. Haitakusaidia Florida, lakini kwingine inapunguza maswali, na Minnesota unachagua mwenyewe alama ya jinsia. Ukienda kwenye kipimo cha afya cha udereva, andika dawa zako zote mbili kwenye fomu. Homoni hazikunyimi cheti. Kama unabadili na jina, hakikisha leseni, cheti cha afya na kumbukumbu za kampuni vinabadilika wakati mmoja, usije ukasimamishwa mizani kwa karatasi zisizolingana.