Maswali na majibu: Muhuri wa Manyovu haupo, nifanyeje?

Barua nyingi zilizonifikia mara hii zimetoka kwa watu wa Kasulu, Buhigwe na hapa Kigoma mjini, waliorudi safari wakakuta pasipoti zao hazijagongwa au zimegongwa vibaya. Nimechagua zitakazowafaa wengi. Wanaoendelea kuuliza pasipoti inapatikana wapi, waende ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Hilo nimelijibu mara nyingi mno, sitalirudia.

Shikamoo. Nilikwenda Bujumbura kwa basi kupitia Manyovu. Mpakani palikuwa na watu wengi, konda akakusanya pasipoti zetu akaenda nazo dirishani. Nilipofika nikaona nina muhuri wa kuingia Burundi wa Mugina, lakini wa kutoka Tanzania haupo. Narudi wiki ijayo. (Mama wa Mwandiga)

Marahaba, mama. Kwanza, usirudi kwa njia nyingine. Wapo watakaokushauri upande boti hadi Kagunga, au ukatize vijijini kwa bodaboda ili usiulizwe. Ukiwasikiliza utakuwa umetoka bila muhuri na kuingia bila muhuri, na hapo hutakuwa na pa kuanzia kujieleza. Pita Manyovu hiyohiyo, mchana, na ukifika kwa afisa uhamiaji useme wewe kabla hajakuuliza. Mwonyeshe muhuri wa Mugina. Huo ndio shahidi wako mkubwa, kwa sababu una tarehe ya siku uliyovuka. Ongeza tiketi ya basi, na kama nauli ulilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Mwombe aangalie kwenye mfumo, maana huenda taarifa zako ziliingizwa na kilichosahaulika ni muhuri tu. Kama hazimo, atachukua maelezo yako na uamuzi utakuwa wake. Ukitozwa faini, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi uitunze pamoja na pasipoti yako.

Warundi usiwadai chochote zaidi ya muhuri wa kutoka. Wao hawakukosea.

Sasa niseme la moyoni. Konda kazi yake ni nauli na mizigo. Pasipoti ni ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kusimama dirishani hata foleni ikiwa ndefu na dereva akipiga honi. Sisi Waha tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kwa sababu hiyo mtu wa Kigoma huhojiwa uraia wake kwa urahisi kuliko mtu wa Iringa au Tanga, na malalamiko hayo yamefika hadi bungeni. Yananiuma na sitaacha kuyaandika. Lakini ukisimama mbele ya afisa na pasipoti inayoonyesha umeingia Burundi bila kutoka Tanzania, umempa sababu ya kukuuliza babu yako alizaliwa wapi. Msiwape sababu hiyo.

Muhuri wa Burundi uliokosewa unaweza kurekebishwa hapa Kigoma? (Msomaji, Gungu)

Hapana. Kila nchi hurekebisha muhuri wake. Ubalozi mdogo wa Burundi upo hapa mjini, nenda ukaulize wanataka barua gani, lakini wao hawagongi mihuri ya mpakani.

Afisa alinigongea tarehe ya mwezi uliopita. Ndugu yangu ameirekebisha kwa kalamu, inaonekana vizuri kabisa. Je, kuna tatizo? (Kijana wa Kasulu)

Lipo, na ni kubwa kuliko lile la kwanza. Tarehe mbaya ilikuwa kosa la afisa. Kalamu ni kosa lenu, na Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya 2002 inalihesabu kuwa jinai. Usisafiri na pasipoti hiyo. Ipeleke ofisi ya uhamiaji, ueleze nani aliandika na kwa nini, kabla haijakutwa na mtu mwingine. Muhuri ukikosewa hufutwa na afisa mwenyewe, naye hugonga mwingine. Ndiyo maana nasema kila siku: usiondoke dirishani hujausoma. Angalia tarehe, angalia kama ni wa kuingia au wa kutoka, na kama uko ugenini angalia siku ulizopewa.

Kuna mtu stendi anasema ana muhuri wa Manyovu, atanigongea nyumbani kwa elfu thelathini. Wenzangu wawili wamefanya. (Mfanyabiashara wa dagaa, Katubuka)

Usithubutu. Na hao wenzako wawili uwaambie wasome hapa.

Muhuri siku hizi ni nusu ya habari. Pasipoti za kielektroniki tunazo tangu 2018, na ukivuka kihalali taarifa zako huingizwa kwenye kompyuta ya uhamiaji. Kishoka wa stendi anaweza kuwa na wino na mpira uliochongwa vizuri, lakini hawezi kukuingiza kwenye mfumo. Siku utakapokwenda mbali, tuseme unapita uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, afisa ataona muhuri wa siku ambayo mfumo haukujui. Hapo hutaulizwa tena kwa nini ulisahau kugongewa. Utaulizwa nani alikugongea. Umechukua usahaulifu, jambo linaloelezeka, ukaugeuza kuwa kughushi. Pasipoti uliyoilipia shilingi 150,000 itazuiwa, na kishoka hutamwona mahakamani.

Nawachukia vishoka hawa, nami sifichi. Wanakula kwa mama wa soko na vijana wa dagaa wanaoogopa kuingia ofisini kwa sababu wanadhani watafokewa. Wapo maafisa wanaofoka, ni kweli. Vumilia kufokewa, hakuna aliyefungwa kwa hilo. Na kama anayekuomba fedha ya pembeni ni afisa mwenyewe, TAKUKURU wana ofisi Kigoma.

Mimi ni Mrundi wa Rumonge. Nilikuwa naenda Kigali kwa kukatiza Tanzania, kupitia mipaka ya Kobero (Burundi na Tanzania) na Rusumo (Tanzania na Rwanda). Sikugongewa kuingia Tanzania kwa kuwa nilikuwa napita tu. Rusumo wamenizuia. (Msomaji)

Kupita ni kuingia, ndugu yangu. Tangu Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, wenzako wengi wamezunguka njia hiyo ya Ngara, na kosa lako nimelisikia kwa wengi. Chanzo chake nakifahamu. Kobero ya Burundi na Kabanga ya Tanzania ni kituo cha pamoja: ukitoka Burundi, maafisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Tanzania. Mtu anagongewa kutoka, anadhani amemaliza, anawafuata wenzake kwenye gari. Ni madirisha mawili, hata kama paa ni moja.

Waonyeshe Rusumo muhuri wako wa kutoka Burundi na tiketi, na ukubali kuandikwa maelezo. Kinachosikitisha ni kwamba ulichokikwepa hakina malipo. Raia wa nchi mwanachama wa Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita bila kulipia viza.

Pasipoti yangu ina ukurasa wenye utata. Nikikata hati ya dharura ya safari niitumie hiyo, si nitakuwa salama? (Msomaji, Ujiji)

Hutakuwa salama. Jina ni lako, namba ya NIDA ni yako, alama za vidole ni zako. Na usiende polisi kuripoti kwamba pasipoti imepotea ilhali iko kabatini, maana najua hilo ndilo swali lako linalofuata.

Kadi yangu ya homa ya manjano imepita miaka kumi. Nichanje tena kabla ya kwenda Kongo? (Mwalimu, Kibirizi)

Huhitaji. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Anayechanja kwa mara ya kwanza asubiri siku kumi ndipo asafiri. Akikwambia mtu ulipie kingine mpakani, kataa.

Tulitoka Kalemie kwa boti, ziwa likachafuka, nahodha akatushusha usiku kwenye kijiji kusini mwa Kigoma. Nikapanda gari hadi nyumbani. Leo ni siku ya nne, pasipoti haina muhuri wa kuingia. Nasubiri Jumatatu niende na shemeji anayemfahamu afisa. (Baba wa watoto watatu)

Baba, usimsubiri shemeji. Dhoruba inaeleweka na kila afisa wa ziwa hili anaijua, lakini kila siku unayokaa kimya inafanya ionekane ulikusudia. Chukua pasipoti yenye muhuri wa kutoka Kongo, uende bandarini Kigoma kwa uhamiaji. Taja boti, nahodha, kijiji mliposhukia na abiria mliokuwa pamoja. Kama mwenyekiti wa kijiji aliwaona mkishuka, mwombe barua fupi yenye tarehe. Ikichelewa, isikuzuie kwenda leo. Utaipeleka baadaye.