Mita ya CPU inajaa huku prosesa haina kazi? Kagua draiva kwanza

Maprodyuza wanaoniletea laptopu zao huwa na lalamiko moja: mita ya CPU ndani ya programu ya kutengeneza muziki kama FL Studio au Cubase imepanda hadi nyekundu, sauti inakwaruza na kukatika, lakini wakifungua Task Manager ya Windows wanaona prosesa inatumika kidogo tu. Wengine wameshaanza kutafuta hela ya mashine mpya. Subirini kwanza.

Mita hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Task Manager inaonyesha kazi yote ya prosesa kwa wastani. Mita ya programu ya muziki inaangalia kama sauti inaandaliwa kwa wakati. Bafa, yaani kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mkupuo mmoja, ikiwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 128, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 2.9 tu za kuandaa kipande kinachofuata. Draiva (programu inayoendesha kifaa cha kompyuta) ya Wi-Fi ikiing'ang'ania prosesa kwa milisekunde tatu, muda umekwisha, hata kama prosesa yenyewe ni kali kiasi gani.

Mimi hutumia LatencyMon, programu inayoonyesha draiva zinazochelewesha sauti, ambayo unaweza kuipakua bure. Iache ifanye kazi kama dakika kumi huku wimbo ukicheza, kisha nenda kwenye orodha ya draiva, uzipange kwa muda mrefu zaidi ambao kila moja imeishikilia prosesa. Ukikuta ndis.sys juu, shuku mtandao. nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya NVIDIA. ACPI.sys mara nyingi inahusu betri na umeme.

Laptopu moja niliyoishughulikia ilikuwa na ndis.sys kileleni. Nikaingia Device Manager, nikazima adapta ya Wi-Fi, nikacheza wimbo uleule wenye ngoma na sauti za waitikiaji: mita ikashuka, mikwaruzo ikakoma. Baadaye tukaweka draiva kutoka tovuti ya watengenezaji wa laptopu hiyo, Wi-Fi ikarudi bila matatizo. Tafadhali msitumie zile programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mkupuo. Zinaweza kukuwekea isiyolingana na mashine yako.

Kama una intafesi ya sauti (kifaa cha nje cha kuingiza na kutoa sauti), tumia draiva yake ya ASIO, iliyoundwa kupunguza ucheleweshaji wa sauti. ASIO4ALL, draiva ya ASIO ya jumla, waachie wanaotegemea kadi ya sauti ya ndani ya kompyuta. Chagua pia mpango wa umeme wa High performance.

LatencyMon ikiwa kijani na mita bado inajaa, hapo ndipo ugeukie plagini, yaani ala na efekti ulizoongeza kwenye programu ya muziki. Wakati wa kumiksi, pandisha bafa hadi sampuli 512.