Unaenda kuogelea Kilifi siku mbili baada ya mwezi mpevu? Badilisha tarehe

Kaka, usilipie chochote kwanza. Umesema uko Kisumu, mazoezi unafanya Dunga, na sasa unataka kuogelea kriki ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mpaka mlangoni unapokutana na bahari na kurudi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, uanze saa 2 asubuhi "kwa sababu asubuhi maji hutulia". Hiyo ni sheria ya ziwa! Victoria haina kujaa na kupwa kwa kukusumbua, shida yetu ni upepo, asubuhi shwari, mchana unavuma na mawimbi yanaanza. Bahari haijui asubuhi yako, inafuata mwezi.

Mimi hayo hayo niliambiwa na jamaa aliyejiita kocha wa bahari, pesa akachukua, jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa, hakufungua hata mara moja. Ilikuwa bamvua, yaani zile siku za karibu na mwezi mpevu ama mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote. Bamvua upande ule hujaa mida ya saa 10 alfajiri na kupwa mida ya saa 4 asubuhi, na yeye akatuingiza saa 1, yaani katikati kabisa. Maji hushuka kwa kama masaa sita, na lile la tatu na la nne pekee hutoa karibu nusu ya maji yote, na bamvua ni zaidi ya mita 3 za maji yanayopita kwa ule mlango mwembamba. Kulikuwa na boya pale, limelala ubavu, mnyororo umekazika, maji yanakatika pembeni yake kama mto Nyando wa mwezi wa nne. Napiga mikono, nainua kichwa, boya lile lile. Napiga tena, sasa boya liko mbele yangu, na nilikuwa nimeshalipita! Mwogeleaji wa kawaida anafanya kama kilomita 3 kwa saa, mkondo ukienda 4 wewe unaelekea baharini hata ukiwa na mapafu ya aina gani. Mvuvi ndiye alituokota na mtumbwi, akauliza, "Nani kawatia majini na bamvua linatoka?" Kocha alikuwa ufuoni anapiga picha. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, mtu anacheza na maisha ya watu hivyo.

Sasa shika hii: ogelea maji yakiingia, tena siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Ukichoka yanakusukuma ndani ya kriki, hayakupeleki nje. Na siku hizo kupanda na kushuka ni kama mita 1 tu, halafu maji hujaa mida ya saa 4 ama 5 asubuhi, kwa hivyo hiyo saa 2 yako inakuwa nzuri kabisa, wiki ndio ilikuwa mbaya.

Chukua jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kisha ulizia wavuvi wa hapo hapo, maana mlangoni mkondo haugeuki lazima dakika ile imeandikwa. Sogeza tarehe wiki moja mbele, uiweke hapa tuiangalie pamoja kabla hujakata tiketi ya basi.